Farasi wa kuzunguka au jumba la upepo? Kumchagulia mtoto mdogo mchezo wa kupanda

Agosti ikiingia, Tabora inakuwa na upepo wa vumbi, na kwa watoto inakuwa na habari moja tu: Nanenane. Viwanja vya Ipuli vinajaa mabanda ya wakulima na wafugaji wa Tabora na Kigoma, na watoto wanachotafuta wao ni vile vyuma vya rangi vinavyozunguka. Idd na Krismasi nazo huja na vyuma vyake katika viwanja vya wazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, na nina watoto wawili nyumbani, binti wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo dirisha la tiketi nalijua vizuri: noti ya elfu tano mkononi, mtoto anavuta kanga, mashine sita zinazunguka kwa wakati mmoja, na muziki umefunguliwa mpaka mwisho.

Swali ninalosikia wazazi wakiuliza pale ni moja. "Kijana, huyu anaweza kupanda?" Na jibu nalo ni moja. "Anaweza, mama. Mshike tu."

Naomba mzazi mwenzangu usitosheke na jibu hilo. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14. Mashine ikizunguka kwa nguvu ya kuuzidisha uzito wake mara mbili, mkononi mwako anakuwa kilo 28, tena anavutwa upande usioutarajia. Hakuna mama anayeweza kuahidi kwamba atazishika. Ndiyo maana mimi, kabla ya kulinganisha mchezo huu na ule, naangalia mambo mawili. La kwanza, ni kitu gani kinachomshika mtoto: mkanda, kiti chenye kuta, mlango wenye komeo, au ni viganja vyake mwenyewe tu? La pili, akianza kulia, nani anaweza kuisimamisha, na itachukua muda gani? Mchezo ukipita hapo, ndipo naangalia kama ni mzuri na bei yake.

Anza na futikamba, umri baadaye

Bustani kubwa za michezo duniani hazipangi kwa umri, zinapanga kwa urefu. Pale Magic Kingdom huko Florida, Marekani, treni ya kasi iitwayo Space Mountain inamtaka mtoto awe na sentimita 112, na ile ndogo ya Barnstormer inataka 89. Sababu ni kwamba chuma cha kufunga mapajani na mkanda vimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani, wala havijui mtoto amezaliwa lini.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto anayekua vizuri akifika miaka mitatu ana sentimita kama 95 au 96, miaka minne karibu 103, miaka mitano karibu 110. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto kama watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano nchini kwetu wana udumavu. Darasani kwangu nina watoto wa miaka mitano wanaolingana urefu na wa miaka mitatu na nusu. Ukimpandisha mtoto wa namna hiyo kwa sababu ya miaka yake, umemweka kwenye kiti kisichomtosha.

Viwanja vyetu mara nyingi havina ubao wa kipimo. Basi pima nyumbani. Mimi nimemsimamisha mwanangu kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa ukuta, nikachora mstari kwa mkaa, halafu nikapima kwa futikamba ya cherehani. Ana 98. Kisha nikajipima mwenyewe: meta moja inanifikia juu kidogo ya fundo la kanga ninapoifunga kiunoni. Sasa popote nilipo nina kipimo. Mtoto ambaye utosi wake haujafika pale juu kidogo ya fundo, kwangu mimi, hapandi kitu chochote kinachomnyanyua kutoka ardhini akiwa peke yake.

Kuna jambo jingine la mwili ambalo watu hulisahau. Mtoto mdogo ni kichwa kikubwa juu ya shingo changa. Akiyumbishwa ghafla kichwa ndicho kinachotangulia, na akiinama kidogo tu uzito wake wote uko juu. Mashine inayomtikisa mtu mzima kidogo, yeye inamtikisa kweli.

Farasi wa kuzunguka na bembea za minyororo

Hizi mbili zinakaa jirani na zote zinazunguka, kwa hiyo wazazi huzichukulia kama ndugu. Mimi naziona mbali sana.

Farasi wa kuzunguka ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa mtoto wa miaka miwili mpaka minne, kwa sababu mtu mzima anaweza kusimama pale pale pembeni ya farasi, mkono mgongoni mwa mtoto, mzunguko mzima. Lakini hata hapo kuna kuchagua. Safu ya ndani na safu ya nje zinamaliza mzunguko kwa wakati mmoja, ila njia zao hazilingani. Farasi aliye meta mbili kutoka katikati anatembea meta 12 na nusu kwa mzunguko mmoja, na aliye meta nne anatembea meta 25. Yaani wa nje ana kasi mara mbili ya wa ndani. Na kuna farasi wanaopanda na kushuka na waliosimama tuli, na mara nyingine benchi lenye umbo la gari la farasi. Mtoto wa miaka miwili mpe benchi. Wa miaka mitatu mpe farasi wa ndani asiyepanda na kushuka. Wa miaka mitano mwache achague mwenyewe, atachagua wa nje anayeruka, na ni sawa.

Mwaka jana mwanangu alipanda wa ndani. Nilikuwa natazama vidole vyake kwenye ile nguzo ya chuma. Mzunguko wa kwanza vilikuwa vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Wa pili vikalegea. Wa tatu akatoa mkono mmoja akampungia dada yake. Tangu siku hiyo naangalia vidole kabla ya uso, maana watoto wengi wakiogopa hawalii, wananyamaza tu, na mzazi aliyesimama nje anadhani mtoto ametulia.

Bembea za minyororo ni jambo jingine. Zile zenye viti vinavyoning'inia na kutawanyika nje mashine ikishika kasi zinavutia kwa macho, na mzazi hujifariji kwamba mtoto mwepesi hatatupwa mbali. Sivyo. Viti vilivyo kwenye safu moja hutawanyika kwa pembe ile ile, awe amekaa mtoto wa kilo 15 au baba yake wa kilo 80. Tofauti ni kwamba baba anakijaza kiti na mtoto hakijazi. Kinachomzuia mara nyingi ni mnyororo mwembamba mbele ya tumbo, na mtoto mfupi anaweza kuteleza chini yake. Kama kiti hakina mkanda unaopita katikati ya miguu, mimi sipandishi mtoto wa chini ya miaka sita, hata kama kijana wa tiketi atasema nini. Tena huwezi kukaa naye, na ikianza huwezi kumfikia.

Vyote viwili vinazungusha kichwa. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji yanayouambia ubongo kwamba mwili unageuka, na mashine ikisimama majimaji hayo huendelea kutembea kwa muda mfupi. Ndiyo maana mtoto akishushwa hupepesuka kama mlevi. Usimwache ashuke ngazi mwenyewe, mshikilie kwanza mpaka atulie. Watoto kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha kuzunguka, kwa hiyo chipsi na soda zisubiri mpaka baada ya kupanda.

Jumba la upepo na trampolini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapolegea. Jumba la upepo, lile la plastiki la kurukaruka, linaonekana laini. Bei yake ni ndogo, watoto wanaingia kumi kwa mpigo, na mama anapata nafasi ya kukaa chini. Lakini ulaini ule unadanganya.

Hatari ya kwanza ni watoto wenyewe. Mtoto wa kilo 14 akiwa ndani na wa kilo 35, yule mkubwa akitua, sakafu inamrusha mdogo asikotaka, au mkubwa anamwangukia. Mfupa wa mdogo ndio unaovunjika. Kwa hiyo kabla ya kulipa nachungulia ndani na kuuliza: "Kuna wa darasa la nne humo?" Kama wapo, nasubiri zamu ijayo. Mwendesha mchezo mzuri ni yule anayewatenga kwa kimo bila kuombwa. Yupo mmoja niliyemkuta hapa mjini, kijana mdogo tu, alikuwa ameandika kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito: "WADOGO DAKIKA 10, WAKUBWA DAKIKA 10". Nilimwambia, "Mwanangu, Mungu akubariki," na nikamnunulia maji.

Hatari ya pili ni upepo wa nje. Jumba hilo kimsingi ni tanga kubwa. Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania, nchini Australia, upepo wa ghafla ulinyanyua jumba la kurukia kwenye sherehe ya mwisho wa muhula wa shule ya msingi, na watoto sita walipoteza maisha. Viwango vya Ulaya vinataka jumba lifungwe ardhini sehemu sita angalau, na shughuli isimame upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipima upepo, lakini una macho. Upepo unapokaribia kasi hiyo, miti midogo yenye majani huanza kuyumba mizima, shina na matawi. Na Agosti yetu tunaijua, asubuhi imetulia, kufika saa saba mchana vumbi linanyanyuka kama pazia. Ukiona mwembe mchanga unainama, mtoe mtoto wako bila kujali dakika zilizobaki.

Zunguka jumba lote kabla hajaingia. Hesabu kamba. Kila kitanzi kiwe na kigingi kilichozama ardhini au uzito wa maana. Nimewahi kukuta kamba mbili zimefungwa kwenye madumu ya maji ya lita ishirini. Dumu likijaa ni kilo ishirini tu, haliwezi kuzuia kitu cha ukubwa ule.

Hatari ya tatu ni mashine ya kupuliza. Jumba halijazwi mara moja likabaki hivyo kama mpira, linapulizwa muda wote. Umeme ukikatika au jenereta ikiishiwa mafuta, kuta zinalegea na paa linashuka juu ya watoto. Uliza kama kuna jenereta ya akiba, na usiende mbali na mlango. Lililo wazi juu, kwa mtoto mdogo, ni bora kuliko lenye paa, kwa sababu unamwona na hata likilegea halimfuniki.

Pamoja na yote hayo, jumba la upepo lililofungwa vizuri, lenye wadogo watupu ndani, asubuhi kabla ya upepo, nampa mwanangu kwa moyo mmoja. Anaingia bila viatu, bila pini za nywele, bila pipi mdomoni.

Trampolini simpi. Ile ya duara yenye springi inarusha kwa nguvu kuliko sakafu ya hewa, na inarudisha nguvu ya aliyeruka kwa aliye jirani yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wamesema wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asiwekwe humo. Wamebainisha pia kuwa kama robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea watu zaidi ya mmoja wakiruka pamoja, na kwamba mdogo kati yao anaweza kuwa na hatari ya kuumia mara 14 kuliko mkubwa. Wavu wa pembeni unazuia kuanguka nje, hauzuii kugongana. Binti yangu wa miaka sita anaruka, peke yake, na kupinduka kichwa chini ni marufuku.

Treni ya watoto na vijigari vya kugongana

Hapa sina maneno mengi. Treni inayozunguka polepole kwenye reli yake ni ya mdogo, vijigari vya kugongana ni vya mkubwa. Kijigari kimetengenezwa ili kigongwe, na kila kikigongwa kichwa cha mtoto kinakwenda mbele na kurudi nyuma, tena mfupi uso wake uko sawasawa na usukani. Wa chini ya miaka sita asikae humo hata mapajani mwa baba. Mapajani ndiko kubaya zaidi, kwa sababu anabanwa kati ya kifua cha mtu mzima na usukani.

Kwenye treni mkalishe upande wa ndani, wewe ukae nje. Angalia kitu kimoja tu: nguo inayoning'inia. Sote tunajua kanga inavyofanya ikiingia kwenye mnyororo wa bodaboda. Ushungi wa mtoto, ncha ya mtandio wako, mkanda wa gauni lake la sikukuu, vyote vifungwe au vichomekwe kabla gurudumu halijaanza kuzunguka.

Gurudumu kubwa na jahazi la kubembea

Gurudumu la kwanza la aina hii lilijengwa Chicago mwaka 1893 na mhandisi George Ferris. Lilikuwa na kimo cha meta 80 na vibanda 36, kila kimoja cha watu 60. Yanayoletwa kwetu ni madogo mno ukilinganisha na hilo, lakini tabia ni ile ile, kwamba linakwenda polepole na halitikisi. Kwa mwili wa mtoto ni mchezo mpole. Shida yake iko kwenye lile swali langu la pili. Mtoto akishikwa na hofu juu kabisa, hakuna wa kumshusha hapo hapo, mpaka kibanda kifike chini. Na wakati wa kupakia watu linasimama, na wewe unaning'inia juu huku mtoto anataka kusimama atazame.

Kwa hiyo ninalinganisha kibanda na kibanda. Kilichozungushiwa wavu, chenye mlango unaofungwa kwa komeo kutoka nje, mtoto wa miaka mitatu anaweza kupanda na mtu mzima. Kile cha kiti kilicho wazi chenye chuma kimoja mbele, hapana. Chuma hicho ndicho nilichotaka kukieleza.

Ukikaa na mtoto kwenye kiti kimoja, chuma cha kufunga kinashuka mpaka kikutane na paja la kwanza nene, na paja hilo ni lako. Kwako kimekaza. Kwa mtoto pembeni yako kinabaki juu hewani, na katikati kuna uwazi wa kutosha yeye kupita mzima. Jaribu mwenyewe: chuma kikishafungwa, pitisha ngumi yako kati ya chuma na mapaja ya mtoto. Ikipita kirahisi, hakimshiki. Shukeni, hata kama foleni inaguna.

Na hii ndiyo sababu jahazi la kubembea, lile linalokwenda mbele na nyuma likipanda juu pande zote mbili, silipi nafasi kabisa kwa mtoto mdogo. Linapofika juu na kuanza kushuka, mwili hupoteza uzito kwa muda mfupi na makalio yanaacha kiti. Mtu mzima anahisi tumbo limebaki juu. Mtoto ambaye chuma hakimgusi, hana kinachomrudisha. Safu ya katikati ni pole kuliko za ncha, na mtoto wa miaka minane anaweza kuanzia hapo. Wa miaka mitatu na alitazame tu, tena kutoka mbali kidogo.

Nikiwa hapo, jambo moja kwa wenye watoto wakubwa kidogo. Kwenye viti vya watu wawili vinavyozunguka kwa kasi, mzito akae upande wa nje na mwepesi wa ndani. Mashine ikizunguka inawasukuma wote nje. Ukimweka mtoto nje, wewe ndiye utakayemkandamiza.

Mtelezo, ambao hakuna anayeuogopa

Mtoto wa dada yangu alivunjika mguu kwenye mtelezo akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Ilikuwa siku ya sikukuu, kwenye uwanja ambao sitautaja, na hapakuwa na kosa la mashine. Baba yake alimpakata, wakateleza pamoja, kwa sababu alimwona mdogo mno kuteleza peke yake. Ndala ya mtoto ilinasa kwenye ukingo wa mtelezo. Mguu ukabaki, mwili wa baba ukaendelea kushuka na mtoto akiwa mbele yake. Shemeji anasema hakusikia chochote, aliona tu kwamba mtoto hataki kusimama. Alifungwa hogo kuanzia pajani.

Daktari aliyemhudumia alieleza kwamba hii ni namna inayojulikana ya kuvunjika kwa mfupa wa muundi kwa watoto wadogo. Mtoto akiteleza peke yake na mguu ukanasa, anasimama, kwa sababu ni mwepesi. Akiwa mapajani, uzito wa mtu mzima ndio unaopinda mguu. Shemeji yangu alilia siku ile kuliko mtoto. Namtaja kwa sababu alifanya kwa upendo, na wengi wetu tungefanya vile vile.

Basi kati ya mtelezo mrefu ukiwa umempakata na mtelezo mfupi akiwa peke yake, chagua mfupi. Wewe simama pembeni, tembea naye mkono ukiwa kiunoni kwake mpaka chini. Kati ya chuma na plastiki, chuma kilichochomwa na jua la Tabora mchana kinaunguza ngozi. Kiguse kwanza kwa nyuma ya kiganja. Plastiki nayo hupata joto, ila haifikii chuma.

Kama safari ni ya Dar

Wapo wanaopanda treni likizo ya Desemba kwenda kwa ndugu Dar es Salaam, na huko watoto watasikia habari za Kunduchi na mitelezo yake ya maji. Kwa mdogo, tofauti ya maji na vyuma ni moja kubwa: kwenye vyuma hatari ina kelele, kwenye maji iko kimya. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji yasiyozidi magoti yake bila kupiga ukelele, na watoto wa mwaka mmoja mpaka minne ndio wanaozama zaidi duniani. Maboya ya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea tu. Kaa umbali ambao mkono wako unamfikia, simu ibaki kwenye mkoba. Mitelezo mirefu ya bomba isubiri mpaka akue, bwawa la kina kifupi linamtosha kutwa nzima na wala hataona amekosa kitu.

Nikiwa na tiketi tatu

Kwa mwanangu wa sentimita 98 mwaka huu: ya kwanza farasi wa ndani, ya pili treni, ya tatu jumba la upepo, na tunafika saa tatu asubuhi kabla ya jua kali, foleni na vumbi. Kabla ya kila kimoja tunatazama mzunguko mzima kwa pamoja, yeye akiwa mgongoni au begani, halafu namuuliza. Akisema hataki, hapandi, na tiketi anapewa mtoto mwingine. Kwa binti yangu wa sentimita 115 nabadilisha: farasi wa nje, gurudumu lenye wavu pamoja nami, na jumba la upepo kwenye zamu ya wenzake. Bembea za minyororo ameziomba. Nimemwambia nitakagua mkanda kwanza, na amekubali.

Kwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili, sioni cha kununua hapo. Muziki wa spika zile ni mkubwa mno kwa masikio yake, na hana anachokumbuka. Yeye ana bembea ya nyumbani chini ya mwembe, na mji huu hauna upungufu wa miembe. Hiyo nayo ina mambo yake. Kamba iwe nene, ifungwe kwenye tawi bichi lililo hai, isiache kitanzi chochote kinachoweza kuingia shingoni, na mtu mzima akiondoka ikunjwe juu. Kiti cha tairi lililokatwa lenye pande mbili za kumbana kinamshika kuliko ubao mtupu. Kisiwe juu zaidi ya goti lako. Chini yake chimbua ardhi ngumu ujaze mchanga wa mtoni kina cha shubiri moja na zaidi, na uupekue mara kwa mara, maana ukikanyagwa unagandamana kama sakafu. Tumeuchimbua wetu Jumamosi iliyopita, tukatoa vijiti, kizibo cha soda na kijiko kimoja tulichokitafuta tangu Ramadhani.